Usiombe Msamaha Ukiwa Umelala Barabarani

Mwikali mwanangu, mama yangu mdogo,

Umeenda Kware kuwaaga wenzako, na mimi nimebaki hapa mezani na begi lako likinitazama kutoka mlangoni. Sitalifungua. Umelipanga mwenyewe, na kama umesahau sufuria, Nakuru kuna sufuria. Sitakuandikia ule nini, ulale saa ngapi wala uende kanisa gani. Mtu aliyekulia mtaa huu wa Pipeline akipandisha mitungi ya maji ghorofa ya sita hahitaji kufundishwa kuishi.

Ungekuwa unaenda kuuza nguo, ningekukumbatia tu asubuhi na mambo yangeishia hapo. Lakini unaenda kupeleka dawa za watu kwa pikipiki, kazi ya barabarani niliyoifanya mimi, na barabarani kuna wajinga wengi kuliko mashimo. Shimo angalau hukaa mahali pamoja. Nataka nikuonyeshe wajinga wangu mmoja mmoja, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, kwa hiyo usidhani najiona mtakatifu.

Nilipoanza kubeba abiria kwenye steji yetu ya bodaboda nilikuwa mwanamke peke yangu. Wanaume walicheka mpaka wakachoka. Aliyecheka zaidi tulimwita Rubani, wewe unamkumbuka kwa sababu alikuwa akikupa peremende. Huyu Rubani helmeti yake aliivaa kwenye kiwiko, kama bibi anayekwenda harusini na mkoba. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Mathe, nikiiweka kichwani siskii magari yakija."

Eti masikio! Mtu ambaye hakuwahi kumsikiliza mkewe, wala askari, wala injini yake mwenyewe ilipokuwa ikilia kuomba oili, leo anataka kusikia magari. Basi akaanguka, mvua ikinyesha, karibu na Donholm. Kiwiko hakikupata hata mkwaruzo. Kiko salama mpaka leo, ni kiwiko kizuri sana. Mwenye kiwiko ndiye asiyewajua watoto wake kwa majina. Nilienda kumtazama nikamkuta mama yake, mwanamke mzee, anamlisha uji kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Nilitoka nje nikalia, halafu kabla sijafika barabarani nikawa nimekasirika tena. Watu husema marehemu na wagonjwa tuwahurumie. Mimi ninamhurumia mama yake.

Na kule Nakuru utawakuta kina Rubani wengi, na watakucheka kwa kuvaa helmeti, jaketi na viatu vizito kwenye jua. Wao watakuwa na ndara. Waache wacheke. Lami haijawahi kucheka na mguu ulio wazi.

Sasa nikuambie yaliyonipata mimi. Uliambiwa kwenye simu kwamba mama ameumia kidogo, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na ulikuwa Kitui kwa nyanya yako. Uliporudi nikakuambia niligongwa na gari, na hukuuliza zaidi, na mimi nilishukuru. Hadithi yenyewe inanichoma. Hata leo nikiosha vyombo hunijia, nikajikuta nagombana na sufuria.

Asubuhi hiyo akaja mwanamke mmoja stejini na furushi la vitambaa, ana haraka, anataka Eastleigh. Nikampa helmeti ya abiria. Akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hii imevaliwa na Nairobi nzima," akasema.

"Kuna kofia ya nailoni hapa, mpya. Vaa hii kwanza, kisha hiyo."

"Nimehangaika na huu mtandio mbele ya kioo tangu niamke, dada."

"Basi nenda na yule." Nikamwonyesha mwenzangu mmoja aliyekuwa amevaa miwani ya jua na mawingu yametanda. "Yeye hana shida na mtandio wako. Wala hana shida na kichwa chako."

Akamtazama yule, akanitazama mimi, akavaa. Njia nzima alinung'unika mgongoni mwangu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisomali. Huyo ndiye unayemwita leo Anti Halima, yule anayekuletea dera kila Idi. Usimwambie nimekuandikia habari za panya.

Tukashika barabara ya Outer Ring. Taa nimewasha, mwendo wangu wa kawaida. Kushoto kulikuwa na kituo cha mafuta, na gari kubwa jeupe likatoka pale bila kusimama. Nilimwona dereva. Kichwa kilikuwa kimeinama, anatazama mapajani. Hakuna anayetazama mapaja yake hivyo ila mtu mwenye simu. Nilipiga honi, nikavuta breki, nikajaribu kulikwepa kwa kwenda kulia. Lilitupata ubavuni.

Kuruka sikukumbuki. Nakumbuka helmeti ikigonga lami, sauti ndani ya kichwa kama mtu ameangusha debe, kisha naziona nyaya za stima juu na najiuliza kwa nini nimelala mchana. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma pembeni yangu. Halima alikuwa ameketi chini, helmeti iko kichwani imepasuka upande mmoja, anautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Ndipo madaktari wakafika. Hapa Nairobi kila mtu ni daktari, mradi mgonjwa ameshalala. Wakanizunguka, kila mmoja na tiba yake. Mpeni maji! Msimpe maji! Mwinueni! Mmoja akapiga kelele, "Mtoeni helmeti apumue!" na kabla sijamwambia kwamba ninapumua, mikono miwili ikaishika na kuivuta. Moto ulitoka shingoni ukashuka hadi kwenye vidole. Na mimi, Mwikali, nilinyamaza. Nilidhani nikipiga kelele nitaonekana msumbufu. Watu wanakaribia kuning'oa kichwa, na mimi ninachunga adabu!

Halima hakuwa na adabu hiyo, Mungu ambariki.

"Wewe! Mwache!" Sauti yake ilipasua msongamano wote. "Ukigusa tena hiyo shingo nitakuinukia na mkono huu huu uliovunjika! Wewe mwenye shati la bluu, simama pale usimamishe magari. Nyinyi wengine rudini nyuma!"

Wakarudi. Ona jinsi ilivyo rahisi. Kundi la watu halina akili, lakini ukimchagua mmoja ukamwita kwa rangi ya shati lake, huyo hupata akili ghafla. Ukianguka, usikubali kuinuliwa kama gunia la viazi. Tulia, jaribu vidole vya miguu, jaribu vya mikono, na anayekushika kichwa mwambie aache, mwambie kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kama magari yanaendelea kupita, mchague wa shati la bluu.

Kitu kingine walichonifanyia wale waungwana ni kuniibia simu. Ilikuwa imefungwa kwenye usukani. Sijui ni mkono gani. Yote ilikuwa ikinipa pole.

Dereva alishuka baadaye. Kwanza alimalizia simu yake. Nilimwona kwenye kioo cha gari akiongea, akiitikia, akicheka kidogo hata, kisha akashuka. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaa kama karatasi. Mimi humwita Bwana Shati, jina lake halisi sitaki likae kwenye karatasi hii. Akachuchumaa karibu nami, akivuta suruali juu isiguse chini. Mkononi ameshika simu, ameielekeza kwangu.

"Pole sana mama. Uko sawa, sivyo?"

"Niko sawa," nikasema. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika na goti limeteguka.

"Hukuniona, eh?"

"Sikukuona. Samahani, mkubwa."

Soma tena hapo. Mimi ndiye niliyegongwa. Mimi ndiye niliyelala kwenye lami. Nilimwona vizuri sana, nilimpigia honi, na bado namwambia sikukuona, samahani, mkubwa. Ukubwa wake ulikuwa nini? Pasi! Maisha yangu yote nilikuwa nimesema samahani kwa landilodi, kwa askari wa kaunti, kwa wateja waliochelewa wenyewe, hadi likawa linatoka lenyewe kama kikohozi. Nikijiona pale chini, natamani nirudi nijizabe kofi.

Akanipa maji ya chupa. Alikuwa ameshayanywa nusu.

"Sisi ni watu wazima, tena waumini," akasema. "Mambo ya polisi ni kupotezeana wakati. Nipe nambari yako, nitakupigia jioni tuelewane kibinadamu."

Nikampa nambari. Ya simu iliyoibwa.

"Na mimi?" Halima akauliza. "Mkono wangu je?"

"Huo utapaka dawa tu, mama, utashuka."

Halima akatoa simu yake kwa mkono wa kushoto, ule asioutumia hata kushika kijiko, akaanza kupiga picha. Ya kwanza ilitoka kiatu chake. Ya pili ilitoka nyuma ya lile gari, nambari zikisomeka, wakati Bwana Shati alikuwa tayari analiondoa eti asizibe njia. Picha ya jinsi gari na pikipiki vilivyokaa baada ya kugongana hatukuipata. Akaondoka. Watu wakamshukuru kwa roho nzuri. Nakuapia, kuna mmoja alimpungia mkono.

Wenzangu wa steji waliisukuma pikipiki hadi Pipeline na mimi wakanileta nyumbani. Halima akaenda hospitali moja kwa moja, kwa sababu yeye ana akili. Mimi nilisema niko sawa. Mwili ukiwa bado na moto wa ajali hudanganya, hukuambia umepona kabla hujajua umeumia nini. Nilipanda ngazi zote kwa miguu yangu, nikajisifu. Kufikia jioni sikuweza kuvuta pumzi. Majirani walinishusha ghorofa sita kwenye kiti cha plastiki, na kila kona ya ngazi nilijua ubavu upi umevunjika wapi.

Hospitalini sijapigwa hata eksirei, akaja kijana mwenye tai na bahasha, akakaa kitandani kwangu bila kuombwa.

"Mama, umepata ajali ya pikipiki? Mimi nitakusimamia kesi ya fidia. Weka sahihi hapa tu, mengine niachie."

"Hapa hapajaandikwa kitu."

"Nitajaza baadaye. Usijisumbue na maandishi ukiwa mgonjwa."

Ajabu yake ni kwamba nilishika kalamu. Nesi akapita na toroli akamuuliza, "Wewe tena?" na yule kijana akanyanyuka akapotea kama moshi. Kunguru humngoja ng'ombe afe kwanza. Hawa wa tai hawana hata subira hiyo. Usiweke sahihi wala kidole gumba juu ya karatasi tupu, hata anayekuletea akiwa analia.

Niliporuhusiwa kutoka, nikapata habari kwamba pikipiki iko polisi. Bwana Shati alikuwa amekwenda kuripoti siku ileile. Amesema mwanamke wa bodaboda alimparamia kwa kasi, akaliharibu gari lake, akakiri mwenyewe, na ushahidi anao kwenye simu. Wakati nilikuwa nyumbani najisifu kwa kupanda ngazi, yeye alikuwa kituoni anaandikisha. Aliyeandikisha kwanza husikilizwa kama mwenye mali, na anayefuata husikilizwa kama mwizi. Kama huwezi kutembea, mtume mtu, lakini ajali yako iandikwe, na nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, uondoke nayo.

Nikamwendea mwenyekiti wetu wa steji. Huyu bwana alikuwa akikusanya mchango kwa kila mmoja wetu kila jioni, eti wa matatizo ya wanachama.

"Tatizo limefika," nikamwambia.

Akajikuna shingo. "Mama Mwikali, huyo mtu anaonekana ana watu wake. Kubali tu yaishe. Lipa gari lake pole pole."

"Na mchango?"

"Mchango ni wa matatizo ya kawaida."

Tatizo la kawaida, nikaja kujua, ni la mtu anayelewa naye. Ni yeye pia aliyewasukumia polisi pikipiki yangu kwa mikono yake walipokuja kuichukua. Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilicheka, utaona kwa nini.

Nikaenda kituo cha polisi, mkongojo kwapani. Halima akaja na plasta hadi kwenye kiwiko na kaka yake wa kumbebea mkoba. Bwana Shati alikuwepo, shati lingine, pasi ileile. Afisa aliyetusikiliza alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana amechoka na binadamu wote. Bwana Shati akaweka simu mezani na sauti yangu ikatoka: Sikukuona. Samahani, mkubwa.

Afisa akanitazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa unabisha nini?"

Nilitaka kusema samahani. Nakuambia ukweli, ilifika hadi kwenye meno. Halima akanikanyaga mguu, ule mzima, na nikasikia hasira ikipanda kutoka kwenye kidole hicho hadi utosini.

"Afande," nikasema, "nilikuwa nimelala chini nimevunjika mbavu, huyu amenichuchumalia na simu. Hata angeniambia mimi ndiye niliyemwoa mama yake ningekubali. Achana na mdomo wangu. Twende tukaone pikipiki."

Tukatoka nyuma. Pikipiki ilikuwa vilevile ilivyoletwa, imeegemea ukuta. Hapo ndipo nilipomsamehe mwenyekiti. Vijana wa steji walikuwa wamepanga kuinyoosha kama zawadi kwangu nikitoka hospitali, waipige na rangi. Bwana Shati, kwa ujanja wake, aliwahi kuwatuma polisi waichukue, na polisi wakanitunzia ushahidi wangu kwa niaba yake.

Pa kukanyagia pa kushoto pamejipinda kwa ndani. Tangi limebonyea ubavuni, upande wa kushoto, na rangi nyeupe imebaki pale. Mbele, taa nzima, tairi nzima, hata kioo cha taa hakina ufa.

"Anasema nilimgonga," nikamwambia afisa. "Nilimgonga na nini? Hii ni pikipiki, si kaa. Haitembei kwa ubavu."

Afisa akazunguka pikipiki polepole. Akainama, akapapasa ile rangi nyeupe. Halima akamwonyesha picha ya nambari ya gari na karatasi za hospitali za siku ileile. Afisa akamgeukia Bwana Shati.

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Kituo cha mafuta, lakini yeye mwenyewe alisema—"

"Sijauliza alisema nini. Ulisimama kabla ya kuingia barabarani?"

Shati likaanza kulowa kwapani. Tulipotoka nje akanikimbilia, mkono kifuani.

"Mama, hii tungeimaliza kibinadamu tu hapa nje."

"Kibinadamu ulikuwa na nafasi," nikamwambia. "Ukaitumia kunirekodi."

Kesi ilienda kortini, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwishowe akapatikana na hatia ya kuendesha bila uangalifu, na bima ya gari lake, baada ya kutuzungusha hadi viatu vikaisha, ikalipa hospitali yangu na ya Halima. Usidhani alijuta. Kwenye ngazi za korti nilimsikia akimwambia mtu, "Lakini alisema samahani, nyinyi nyote mlisikia." Anaamini mpaka leo. Mtu wa aina ile ukimfufua siku ya kiyama atauliza kwanza nani aliyemkanyagia kaburi.

Goti langu halikurudi kama zamani. Ndiyo maana nauza viatu vya mitumba na wewe ndiye unayeondoka kwa pikipiki. Juzi mwenyekiti mpya wa steji amenisimamisha pale kibandani: "Mama Mwikali, yaani umemkubalia msichana kazi ya hatari hivyo?" Nikamwambia hatari si kazi, hatari ni watu kama yeye wanaoendesha pikipiki huku wakila mahindi. Akaondoka na hindi lake. Lakini jioni hiyo sikula, Mwikali. Nikukataze nini, na wewe ulijifunza barabara ukiwa umebebwa juu ya tangi la pikipiki yangu?

Kwa hiyo sitakuombea tu usianguke. Nitakuombea, lakini madereva wengi hawajui kwamba naomba. Siku ukianguka, ukiwa bado unaweza kushika simu, au ukimchagua mtu akushikie, nipigie. Usinipigie kwa ile sauti ya mtoto mwenye adabu ukisema mama niko sawa, samahani nimekusumbua. Nipigie ukimtukana dereva, ukoo wake, na aliyempa leseni. Nitatulia. Nitajua una pumzi na akili zako ziko kichwani, na kabla hujamaliza kumtukana nitakuwa nimeshafunga kibanda, naja Nakuru.

Mimi mama yako,
ambaye hajawahi kuwa mpole na hatakuwa.